Pedi nzima, mkono wa PES: kisa cha banda la gemu Tandika

Banda lina runinga nne na mashine nne. PS4 (PlayStation 4) mbili za mbele zina FIFA 23, PS4 ya tatu ina PES 2021, zote gemu za mpira wa miguu, na PS3 ya pembeni, ambayo ndiyo kongwe na ndiyo yenye wateja waaminifu, ina PES 2013 iliyopachikwa timu na wachezaji wapya. Wateja wanalipa kwa mechi, si kwa saa. Hapo ndipo jambo dogo lilipogeuka ugomvi wa kila jioni, maana aliyefungwa tano kwa sababu ya "pedi mbovu", kile kidude cha mkononi chenye vitufe, haoni kwa nini alipe.

Malalamiko yalikuwa matatu, yaleyale kila siku. Kwanza, "Kaka, R1 haikimbii," yaani kitufe cha juu upande wa kulia. Pili, "Napiga shuti, mpira unapaa kama krosi." Tatu, "Nakaba, mchezaji analala chini tu, nakula kadi nyekundu." Jibu la kijana wa zamu nalo lilikuwa moja: "Leta hiyo, chukua hii." Mwenye banda akaona njia fupi ni kwenda Kariakoo kununua pedi nyingine nne. Baada ya siku tatu, nne mpya nazo zilikuwa zimeshaitwa mbovu.

Kupima kabla ya kununua

Pedi inapimwa kwa dakika tano, na ni bora ipimwe kabla hela haijatoka mfukoni. Iweke mezani bila kuigusa, menyu ikiwa wazi kwenye runinga: alama ya kuchagulia ikitambaa yenyewe, analogi (kijiti cha kidole gumba) imechoka. Kisha ihamishie kwenye mashine nyingine yenye gemu ileile. Ubovu ukihama nayo ni wa pedi, ukibaki kwenye mashine tafuta kwingine. R2 na L2, vitufe vya nyuma vya DualShock 4 (pedi ya PS4), zibonyeze polepole, kwa kuwa zina springi ndogo ndani, na ikikatika kitufe kinabaki chini hakirudi. Mwisho ni vile vitufe vinne vya kulia: X, duara, mraba na pembetatu. Kimoja kikiitika mara kikigoma, mara nyingi shida ni filamu nyembamba yenye njia za umeme iliyolala chini yake, ambayo huchakaa na kuingia uchafu.

Pedi nane zilipimwa hivyo, za zamani na mpya. Moja ilikuwa na analogi inayotambaa. Saba zilikuwa nzima.

Ndipo likaja daftari. Kwa wiki mbili kijana wa zamu aliandika mambo matatu kila mtu alipolalamika: yuko mashine ipi, analalamikia nini, na kabla ya hapo alikuwa amezoea kucheza wapi. Swali la tatu ndilo lililotoa jibu. Waliolalamika kwenye FIFA walikuwa watu wa PES, na waliolalamika kwenye PES walikuwa watu wa FIFA. Aliyekaa siku zote kwenye mashine moja hakuwa na neno na pedi yoyote aliyopewa.

Mikono miwili, pedi moja

Kwa mpangilio wa awali, bila mtu kugusa kitu kwenye menyu, gemu hizi mbili zinakubaliana mambo machache: X ni pasi fupi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza, L1 ni kubadilisha mchezaji unapokaba, na pembetatu ukiwa huna mpira inamtoa kipa golini. Baada ya hapo zinaachana, na zinaachana pale panapouma.

Ukiwa na mpira, FIFA inataka shuti lipigwe kwa duara, na mraba ni krosi na pasi ndefu. PES ni kinyume: mraba ni shuti, duara ni krosi. Kwa hiyo mtu wa FIFA aliyebaki yeye na kipa kwenye PES anabonyeza duara kwa nguvu zote, na mpira unapaa juu ya mwamba. Macho yake yameona pedi imemsaliti. Kubonyeza amebonyeza sawa, ila ni sawa ya gemu nyingine.

Kukimbia ni R2 kwenye FIFA na R1 kwenye PES. Mtu wa PES akishika R1 kwenye FIFA 23 hakimbii. Mchezaji wake anaanza kuuchezea mpira kwa miguso midogo ya karibu, beki anamfikia, mpira unaondoka. Hiyo ndiyo "R1 haikimbii" iliyomaliza hela ya pedi nne.

Kwenye kukaba ndiko wote wawili wanakoumia. FIFA imeweka kukaba kwa kusimama kwenye duara na kuteleza kwenye mraba. PES imeweka kuteleza kwenye duara, na mraba unamwita mwenzako aje kumbana mwenye mpira. Mtu wa PES akiwa FIFA anaita msaada kwa mraba, na badala ya msaada beki wake anateleza. Mtu wa FIFA akiwa PES anakaba kwa duara, naye anateleza. Njia mbili tofauti, kadi nyekundu ileile, na mara nyingi ni ndani ya kumi na nane.

Zaidi ya hapo kuna walioacha kucheza zamani. Kuanzia FIFA 12, ya mwaka 2011, kushikilia X tu hakumnyang'anyi mtu mpira tena: X inakuweka karibu naye, na wakati wa kuingiza mguu unauchagua wewe. Mtu aliyeishia kwenye FIFA za PS2 anashikilia X mechi nzima, beki wake anamsindikiza mshambuliaji mpaka golini kama ndugu.

Dawa ya haraka iliyojaribiwa ni mpangilio mbadala ulio ndani ya FIFA, ambao unabadilishana shuti na krosi ili ufanane na PES. Kwa mtu anayechezea nyumbani ni dawa nzuri. Bandani ilidumu siku moja. Mteja wa PES akiondoka anaacha mpangilio wake, anakaa mtu wa FIFA, na ugomvi unaanza upya kwa upande wa pili.

Kwa nini boksi halikusaidia

Swali la haki ni hili: gemu inauzwa ndani ya boksi, sasa maelekezo yako wapi? Fungua boksi la FIFA 23 la PS4, utakuta diski na labda karatasi ya matangazo. Kijitabu hakuna, na hakijasahaulika kiwandani.

Gemu za kulipia zilipoanza, maelekezo yalikaa kwenye mashine yenyewe. Pong ya Atari, mwaka 1972, ilikuwa na mistari mitatu: weka sarafu, mpira utaanza wenyewe, usiukose mpira ili upate pointi nyingi. Ilitosha, na mahali pake palikuwa sahihi, kwa sababu mchezaji alikuwa mpita njia. Hakuwa na boksi wala kabati la kuwekea kitabu.

Kijitabu kilikuja gemu zilipoingia nyumbani. Space Invaders ya Atari 2600, mashine ya nyumbani, mwaka 1980, ilikuwa na namna 112 za kuchezwa, na runingani ulichoona ni namba tu. Namba ipi ina ngao zinazotembea na ipi ni ya watu wawili, hayo yalikuwa kwenye jedwali la kijitabu. Bila karatasi ulikuwa unabahatisha. The Legend of Zelda ilipotoka Marekani mwaka 1987 ilikuwa na betri ya kutunzia ulipofikia ndani ya kaseti, na wachezaji walielekezwa jambo ambalo hakuna mtu angelibuni mwenyewe: shikilia kitufe cha RESET kwanza, ndipo uzime umeme. Umeme unapoondoka ghafla prosesa inaweza kuandika takataka kwenye kumbukumbu, na kazi ya wiki mbili ikapotea. Neno hilo la kuzima kwa utaratibu tutalihitaji tena mbele.

Kijitabu kilitumika pia kama kufuli. Prince of Persia ya kompyuta ilimpeleka mchezaji kwenye chumba chenye chupa zenye herufi, akaambiwa anywe ile ya herufi inayopatikana ukurasa fulani, mstari fulani, neno fulani la kijitabu. Mwenye nakala ya disketi bila kitabu aliishia hapo. StarTropics ya mwaka 1990 ilikuja na barua ya karatasi, na mchezaji aliambiwa ailoweshe kwenye maji ndipo namba 747 itokeze. Metal Gear Solid ya mwaka 1998 ilimtuma mchezaji akatazame nyuma ya boksi la CD ili apate masafa 140.15 ya redio ya ndani ya gemu. Kwa aliyenunua CD ya kuchoma ndani ya mfuko wa plastiki, kama wengi tulivyozoea kuziona hapa mjini enzi za PS1 na PS2, nyuma ya boksi kulikuwa hakuna boksi. Alihangaika na masafa moja moja, au alimtafuta anayejua.

Waliopata shida ya banda hili mapema kabisa walikuwa maduka ya kukodisha gemu Marekani. Kaseti inarudi, kijitabu hakirudi, anayefuata hajui afanye nini. Maduka yakatoa fotokopi, na mwaka 1989 Nintendo, mtengenezaji wa gemu, ikaishtaki Blockbuster, kampuni ya maduka hayo, kwa kunakili vijitabu vyake. Ni jambo la kukumbuka kwa mwenye banda anayetaka kuchapa kurasa kutoka mtandaoni: maandishi na michoro ya kijitabu vina mwenyewe, lakini ukweli kwamba X ni pasi hauna mwenyewe. Andika kwa maneno yako, chora kwa mkono wako.

Kisha vijitabu vikaanza kukonda. Mwaka 2010 Ubisoft, kampuni ya gemu, ilitangaza kuwa itaacha kuweka vitabu vya karatasi kwenye gemu zake za PS3 na Xbox 360, sababu iliyotajwa ikiwa mazingira. Gharama ya uchapaji, nadhani, nayo ilipungua. Maboksi ya Nintendo Switch yalipofika mwaka 2017, kutokuwa na kijitabu lilishakuwa jambo la kawaida. Maelekezo yakahamia ndani ya gemu. FIFA 13 ilileta mazoezi mafupi wakati mechi inapakia, FIFA 16 ikaleta mkufunzi anayeonyesha vitufe chini ya mchezaji mechi ikiendelea.

Na hapa ndipo pengo lenyewe lilipo. Somo la ndani ya gemu limetengenezwa kwa mtu mwenye mashine yake na akaunti yake. Linampokea siku ya kwanza, linamwona anaendelea, linanyamaza. Bandani akaunti ni moja, na siku yake ya kwanza ilipita zamani, siku fundi alipokuwa anafunga gemu. Mteja wa leo anaonekana na mashine kama mtu yuleyule aliyeshacheza mechi elfu. Mazoezi ya wakati wa kupakia nayo yanarukwa kwa X, kwa sababu kuna foleni nyuma. Biashara ni ya mwaka 1972, ya mpita njia na sarafu yake. Gemu iliyomo ni ya mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Karatasi ya kwanza, ya pili, na ile iliyoleta hasara

Karatasi ya kwanza ilikuwa A4 pande zote mbili, herufi ndogo, na kila amri iliyomo kwenye FIFA, hadi chenga za analogi ya kulia. Hakuna aliyeisoma. Ilikuwa na kosa jingine la lugha: iliandika "mraba", wakati vijana wengi pale wanaita "boksi", na wengine wakadhani ni boksi la penalti.

Ya pili ilitengenezwa kwa mtu mwenye sekunde 20, muda ule mpinzani wake anachagua timu. Ni A4 mbili zilizounganishwa zikawa A3, zikapigwa lamineti. Juu kuna jina la gemu kwa herufi kubwa kuliko zote. Katikati kuna mchoro wa pedi, na vitufe vimechorwa kwa umbo na rangi zake badala ya kutajwa majina: pembetatu ya kijani, duara jekundu, X ya bluu, mraba wa waridi. Kushoto "Una mpira", kulia "Huna mpira", mistari minne minne. Chini kuna mstari mmoja mnene wa rangi nyekundu. Kwenye FIFA unasema KUKIMBIA NI R2, DUARA NI SHUTI. Kwenye PES unasema KUKIMBIA NI R1, MRABA NI SHUTI. Benchi liko mita mbili kutoka ukutani, kwa hiyo herufi za mistari ya kawaida zina urefu wa sentimita moja na nusu.

Mahali ilipotundikwa palibadilishwa mara mbili. Juu ya runinga taa iling'aa kwenye lamineti, haikusomeka. Nyuma ya benchi hakuna aliyegeuka. Ilikaa vizuri chini ya runinga, imelala nyuma kidogo, jicho linaikuta lenyewe likishuka kutoka kwenye kioo. Kijana wa zamu akabadilisha na jibu lake. Mtu akisema pedi mbovu, anaambiwa: "Soma mstari mwekundu, halafu uniambie." Wengi hawarudi kumwambia.

Hasara ilitoka kwenye karatasi ya tatu. Umeme wa pale unakatika bila hodi, na PS4 iliyozimika ghafla hukagua diski yake ikiwaka tena. Wakati mwingine haifiki kwenye menyu, inabidi kuingia hali salama (Safe Mode), orodha ya marekebisho ya mashine. Hatua zikaandikwa vizuri. Zima mashine kabisa. Shikilia kitufe cha kuwashia: mlio wa kwanza unasikika papo hapo, wa pili baada ya kama sekunde 7, ndipo uachie. Unganisha pedi kwa waya wa USB, kisha bonyeza kitufe cha PS. (Waya uwe wa kupitisha data. Waya wa kuchaji tu utakukalisha pale nusu saa ukibonyeza pedi isiyojibu.) Kwenye orodha chagua namba 5, inayopanga upya kumbukumbu bila kufuta gemu wala ulichohifadhi. Namba 6 na 7 usiguse, zinafuta kila kitu.

Maelezo hayo ni sahihi, kwa PS4. Karatasi ilitundikwa ukutani kati ya PS4 ya tatu na PS3, na juu yake paliandikwa tu: UMEME UKIKATIKA. Jumamosi moja PS3 ikagoma kuwaka vizuri. Kijana wa zamu akaingia kwenye orodha yake ya marekebisho, akatazama ukutani, akachagua namba 5. Kwenye PS3 kupanga upya kumbukumbu ni namba 4. Namba 5 ndiyo inayorudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani. Mashine ilimuuliza kwa Kiingereza kama ana hakika, akakubali, kwa sababu ukuta ulikuwa umeshamwambia namba 5 haifuti kitu. PES 2013 ikaondoka na timu zake zote zilizopachikwa. Fundi alichukua siku nzima kuirudisha, na wateja wa PS3 si watu wa kuhamia FIFA wakisubiri.

Kijana alilaumiwa, lakini alifanya alichoandikiwa. Karatasi ya kwanza ilisema mengi mno, hii ilikosa neno moja la muhimu: ya mashine gani. Kijitabu cha zamani kilikuwa ndani ya boksi la gemu yake, kwa hiyo hakikuweza kutundikwa kwenye mashine isiyo yake. Ukishakitoa kwenye boksi na kukipeleka ukutani, jina la mashine ni lazima liandikwe, tena kubwa.

Masahihisho yalikuwa mepesi. Maelekezo ya umeme yalitolewa ukutani, yakapunguzwa ukubwa, yakabandikwa kwenye mwili wa kila mashine: PS4 yake, PS3 yake. Namba haisimami peke yake tena. Panasomeka "4, maneno yanayoanza na Rebuild", ili namba na neno visipolingana mtu asimame. Chini yake: ukiona Restore PS3 System au Initialize, zima, piga simu. Mashine zote nne zimewekwa kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) moja ndogo isiyoweza kuendesha mechi, ila inatosha kumpa kijana dakika chache za kuzima kwa utaratibu, kama wale waliokuwa wakishikilia RESET.

Kilichobaki ni toleo. Kila karatasi ya gemu sasa ina jina kamili la toleo kwenye kona, kwa kuwa mwenye banda anataka kuhamisha PS4 mbili za mbele kwenda EA Sports FC 24, jina jipya la FIFA tangu mwaka 2023. Shuti linabaki duara, kukimbia kunabaki R2. Lakini R1, ile iliyokuwa haikimbii, huko imepewa mbio za kudhibitiwa: mchezaji anaongeza mwendo huku mpira ukikaa karibu na mguu. Mtu wa PES ataishika, ataona anakimbia nusu, na kijana wa zamu atahitaji mstari mwekundu mpya kabla ya diski kufika.